Kibodi haijafa, kompyuta ndo haijaijibu

Kwenye skrini nyeusi kulikuwa na maandishi meupe tu, "CMOS checksum error - Defaults loaded", na chini yake "Press F1 to continue, DEL to enter SETUP". Shangazi alikuwa anabonyeza F1. Anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kibodi yenyewe mpya kabisa bado ina nailoni yake juu, na pembeni mausi nayo mpya inawaka taa nyekundu chini ya tumbo, yaani ukiangalia ile meza kila kitu kizima ila kompyuta imegoma. Nje ya kaunta kuna kijana kashika bahasha ya kaki anataka kuchapiwa barua ya maombi ya kazi, nyuma yake mama mmoja na fotokopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Afadhali umefika. Fundi kasema mazabodi imekufa, nitafute kompyuta nyingine."

Steshenari yake iko Ngamiani hapa Tanga, wanaomjua wanamjua. Kompyuta ni ile ya kuunganisha, haina jina la kampuni, prosesa yake, yaani ubongo wake, ni Core 2 Duo, inatumia Windows 7, aliuziwa mtumba miaka mingi iliyopita na haijawahi kumsumbua. Inachapa barua, inachapa mikataba ya vyumba, inachapa kadi za mchango wa harusi, basi. Na kwa kazi hizo inatosha kabisa.

## Kabla sijafika

Niliuliza historia kwanza, kwa sababu kompyuta haiharibiki hivihivi, kuna siku ilikuwa nzima na kuna siku ikaamka mbovu, na katikati ya siku hizo mbili kuna kitu kimefanyika.

Shangazi akasema hamna kilichofanyika. Alifunga duka kwa ajili ya Idd, siku kadhaa, na kwa kuwa ni masika na radi zilikuwa zinapiga akazima kila kitu ukutani, akachomoa na plagi kabisa. Akarudi, akawasha, ndo hayo maandishi.

Akaitwa fundi, kijana wa jirani. Akajaribu kibodi iliyokuwepo, kimya. Akaleta nyingine, kimya. Akanunulisha mpya, kimya. Mausi ikawa hivyohivyo. Akasema njia za USB zimeungua, akaichomeka mausi mpya kwa ile adapta ndogo ya kijani kwenye tundu la duara la nyuma, taa ikawaka, akasema unaona, mausi nzima, huku kwenye USB ndo kumekufa. Na USB ikifa, kwake, mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani inayounganisha kila kitu, imekufa.

Ukimsikiliza unaona hoja yake imekaa vizuri. Kibodi tatu haziwezi kufa kwa siku moja.

Ni kweli haziwezi. Ila hilo halimaanishi aliyekufa ni mazabodi.

## Taa ya Num Lock

Kabla ya kugusa chochote nilibonyeza Num Lock kwenye ile kibodi ya USB na kuangalia taa yake. Haikuwaka. Nikabonyeza Caps Lock, hamna.

Hapa nataka nikae kidogo maana watu wengi wanadhani taa ya Num Lock inawashwa na kibodi yenyewe, unabonyeza kitufe, taa inawaka, kama swichi ya ukutani. Sivyo. Kibodi haina mamlaka ya kuwasha ile taa. Ukibonyeza Num Lock kwenye kibodi ya plagi ya duara, kibodi inatuma namba moja kwenda kwenye kompyuta, na kwa hesabu za mashine namba hiyo huwa ni 77. Inaishia hapo, kazi yake imekwisha. Kompyuta ndo inapokea, inaamua kwamba sasa Num Lock iwe imewashwa, halafu inairudishia kibodi amri, ED, maana yake nataka kubadilisha taa zako. Kibodi inajibu FA, nimekusikia. Kompyuta inatuma namba nyingine ya kusema taa ipi, kibodi inajibu FA tena, ndipo taa inawaka. Yote hayo kabla hujainua kidole vizuri.

Kwa hiyo taa ikiwaka umejua mambo mengi kwa mpigo. Umeme unafika, waya mzima, pini zote zinagusa, kompyuta imesikia na kompyuta imejibu. Kwenye kibodi za USB lugha ni nyingine lakini mpango ni uleule, taa inaamriwa kutoka upande wa kompyuta. Ndo maana mafundi wa zamani, mashine ikiganda, kitu cha kwanza wanagusa Caps Lock. Taa ikibadilika mashine bado ina akili. Isipobadilika wanajua wanazima kwa nguvu.

Sasa linganisha na ile taa nyekundu ya mausi.

Ile ni taa ya kumulika meza ili kijicho cha chini kione mausi inasogea wapi. Kinachotakiwa ni volti 5 tu. Ndo maana kuna kompyuta ukizizima mausi inaendelea kuwaka usiku kucha, kwa sababu pawa saplai inaacha umeme kidogo wa kusubiria. Taa ya mausi inakwambia umeme umefika, haikwambii kama kuna mtu anasikilizana na mtu.

Fundi aliangalia taa ya mausi, akaiamini. Taa ya Num Lock hakuiuliza.

## Duara la zambarau

Nyumbani nina kibodi ya zamani sana, rangi yake ilikuwa ya maziwa sasa imeshakuwa njano, plagi yake ya duara yenye pini 6 nyembamba. Hiyo plagi jina lake PS/2, kutoka kwa kompyuta za IBM za mwaka 1987 zilizoitwa Personal System/2, na miaka ya baadaye wakakubaliana rangi, zambarau kwa kibodi na kijani kwa mausi, kwa sababu matundu yanafanana na watu walikuwa wanachanganya. Kati ya hizo pini 6 zinazofanya kazi ni 4 tu, moja ya data, moja ya mapigo ya saa, moja ya volti 5 na moja ya ardhi.

Nilirudi nayo mchana. Nikazima kompyuta kwanza, na hili nalisisitiza kwa sababu PS/2 si USB, haikutengenezwa ichomekwe na kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Nikachomeka kwenye zambarau. Nikawasha.

Taa zote tatu za kibodi zikamweka mara moja na kuzima. Hiyo ni kibodi inajipima yenyewe, ikimaliza salama inatuma AA. Halafu yakaja maandishi yaleyale. Nikabonyeza Num Lock.

Ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazima.

Shangazi alikuwa kasimama nyuma yangu, akasema "Sasa hiyo ndo nini?" nikamwambia shangazi, kompyuta yako inasikia na inajibu. Nikamwambia bonyeza F1 mwenyewe. Akabonyeza, na vile vimulimuli vinne vya rangi vya Windows vikaanza kuzunguka kwenye skrini, na yule kijana wa bahasha aliyekuwa amerudi kuulizia akasogea mpaka kwenye kaunta.

Windows ilipofunguka mshale wa mausi haukusogea, japo taa ilikuwa inawaka vilevile. Nikaitoa ile adapta ya kijani, mausi nikaichomeka moja kwa moja kwenye USB, tundu lilelile lililosemwa limeungua. Sekunde chache Windows ikatoa ule mlio wake wa kupokea kifaa, mshale ukaanza kutembea. Kibodi mpya ya nailoni nayo kwenye USB ya pili, ikaandika.

Matundu ya USB yalikuwa mazima tangu mwanzo.

## Kilichotokea hasa

Nilipokaa kuifikiria nikaona ni mambo matatu yamekutana.

Mazabodi ina betri ndogo ya duara, CR2032, na jina lake lenyewe ni vipimo, milimita 20 upana na milimita 3.2 unene, volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya BIOS, ile programu ya kwanza inayoiamsha mashine kabla ya Windows, wakati mashine haina umeme kabisa. Lakini plagi ikiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa, ule umeme wa kusubiria unafanya kazi hiyo, betri inapumzika. Ya shangazi ilishakufa, pengine miaka, na hakuna aliyejua kwa sababu plagi ilikuwa haitoki ukutani. Nilipoipima mita ilisoma chini ya volti 2.

Idd ikaja, plagi ikatoka. Mipangilio yote ikafutika, ndo maana ya yale maandishi ya "CMOS checksum error". Mashine ilivyowashwa ikajirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, na kwenye mazabodi ile ya kiwandani kuna mstari mmoja kwenye ukurasa wa "Integrated Peripherals" unasema "USB Keyboard Support", na mbele yake "Disabled". Kibodi ya USB haitambuliki mpaka Windows iwake na draiva zake, zile programu ndogo za kuongea na vifaa. Na Windows haiwezi kuwaka mpaka mtu abonyeze F1.

Sasa unabonyeza F1 na nini?

Mtego kamili. Wakati mashine hii inatengenezwa karibu kila mtu alikuwa na kibodi ya duara, waliona mpangilio huo hauna madhara. Kibodi za duara zikaisha mitaani, mpangilio ukabaki. Unaweza kununua kibodi za USB mia moja, zote zitakaa kimya kwenye ukurasa ule.

Na ile adapta ya kijani haina akili ndani, ni waya tu zinazobadilisha umbo la plagi. Inafanya kazi na mausi ambayo imetengenezwa kujua lugha zote mbili, ya USB na ya PS/2. Mausi nyingi za siku hizi zinajua USB peke yake. Ukizipitisha kwenye adapta zinapata umeme, zinawaka, halafu zinabaki bubu. Adapta iliyokuja na mausi fulani kwenye boksi ni ya mausi hiyo, kuihamishia kwa nyingine ni kubahatisha.

Nikaweka betri mpya, haikufika hata elfu mbili. Nikaingia BIOS, nikasahihisha tarehe, nikaiwasha "USB Keyboard Support". Kuna mstari mwingine unaitwa "Halt On", wa kuamua makosa gani yaisimamishe mashine, huo nikauweka "All, But Keyboard", ili siku nyingine ikikosa kibodi isigome kwa sababu hiyo. Kwa kosa la betri bado itasimama, na mimi naona ni sawa isimame, ni taarifa. Kile kibodi cha njano nimekiacha kwake kwenye droo.

## Kinachosema na kinachosubiri kuulizwa

Kuna tofauti kati ya plagi hizi mbili ambayo nimeipenda zaidi kila nilivyoifikiria. Kibodi ya PS/2 ni kama mgeni anayepiga hodi mwenyewe, ukibonyeza kitufe inaikatiza prosesa kazi yake hapohapo, ina mstari wake maalumu wa kukatizia, namba 1, na mausi ina namba 12. Kibodi ya USB haipigi hodi, inakaa inasubiri kompyuta ipite iulize, una kitu? Na kompyuta inapita, kwa kibodi na mausi za kawaida kila milisekunde 8 au 10 hivi, haraka kiasi kwamba huwezi kuhisi.

Lakini ili ipite kuuliza, lazima kuwe na programu inayojua kuuliza. Hapo ndipo kesi nyingi za "kibodi imekufa" zinapolala. Windows 7 ilitoka 2009 bila draiva za USB 3.0 ndani yake, kwa hiyo kuna watu wanachukua mashine mpya kidogo, tuseme zile za Intel kuanzia 2015, wanataka kuiweka Windows 7 kwa sababu ya programu fulani ya ofisini, inafika ukurasa wa kuchagua lugha, mausi haisogei, kibodi haiandiki. Kwenye BIOS zilikuwa zinafanya kazi dakika moja iliyopita! Mtu anabadilisha kibodi. Kibodi haina kosa, hakuna wa kuiuliza. Ukichomeka ya duara kama mashine ina tundu lake, inaandika, maana yenyewe inatumia njia ya zamani ambayo kila Windows inaijua.

Ndo maana mpaka leo kuna mazabodi mpya zinatoka na tundu moja la duara, nusu zambarau nusu kijani. Zamani nilikuwa najiuliza la nini.

## Vifo vingine visivyo vifo

Niwape na vingine nilivyokutana navyo, kwa haraka.

Pini zilizolala. Mtu anapapasa nyuma ya sipiyu gizani, anasukuma plagi ya duara huku anaizungusha, pini moja inajikunja. Toa, angalia kwa tochi ya simu, inyooshe taratibu kwa kibanio chembamba. Ukiinyoosha na kuikunja mara nyingi itakatika.

Zambarau na kijani kubadilishana. Rangi za matundu zinafifia na vumbi likikaa hata huzioni. Mashine nyingi za zamani hazikubali kibodi kwenye kijani.

Matundu ya mbele. Yale ya USB yaliyo usoni mwa kasha yanapita kwenye kiwaya kirefu mpaka kwenye mazabodi, na kiwaya hicho kinachomoka. Ukitaka kupima, pima nyuma, pale tundu limechomelewa kwenye mazabodi yenyewe.

Chumvi. Hii sisi wa pwani tunaijua. Vyuma vya ndani ya tundu vinapata ukoko wa kijanikijani, kifaa kinashika na kuachia. Zima, chomoa plagi ukutani, brashi laini na spiriti, acha ikauke kabisa.

Fyuzi. Karibu na tundu la duara kwenye mazabodi kuna kifyuzi kidogo cha ule mstari wa volti 5. Kwa wale wanaochomoa na kuchomeka PS/2 mashine ikiwaka, hiki ndo kinaweza kuondoka. Dalili yake, hata zile taa tatu hazimweki ukiwasha. Pima volti 5 kwenye tundu, kama hamna, tafuta fyuzi kabla ya kulaani mazabodi.

Na hii ya mwisho ilinishangaza zaidi ya zote. Binti mmoja wa ofisi fulani alikuwa analalia Shift ya kulia huku anaongea na simu. Ukishikilia Shift ya kulia sekunde 8, Windows inakuuliza kuhusu kitu kinaitwa Filter Keys, na ukigonga tu Enter bila kusoma, inawaka. Kuanzia hapo Windows inapuuza mibonyezo mifupi, unaandika kwa kasi yako ya kawaida hakuna herufi inayotoka. Kibodi ile ilishabadilishwa na mpya ikawa vilevile, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye kibodi. Shikilia kitufe kama sekunde moja, herufi ikitoka, umeshajua. Shift ya kulia sekunde 8 tena, inazima.

Na kama mausi ndo imegoma na una kazi ya watu mezani, Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, kubali, halafu namba za pembeni zinausukuma mshale. Ni taratibu lakini utafunga kazi yako.

## Tunalipia vipuri

Sasa nije kwenye kilichokuwa kinanikera wiki zote hizi.

Kompyuta ya shangazi ilipona, lakini nilikuwa silali vizuri nikifikiria kwamba ilikuwa inakwenda kutupwa. Tena ikiwa na barua za watu za miaka yote. Na fundi hakuwa tapeli, namfahamu, ni kijana mstaarabu. Alifanya kazi ya kubadilisha vitu mpaka vya kubadilisha vikaisha.

Kwa nini hakutafuta?

Nilimwuliza shangazi alimlipa nini. Akasema alimlipa hela ya kibodi na ya mausi. "Na ufundi?" Akanishangaa. "Ufundi wa nini na hakutengeneza kitu?"

Hapo nikaelewa. Sisi wateja tunalipia kitu kinachoshikika. Fundi akikuletea kibodi mpya unaiona, unalipa. Fundi akikaa saa mbili anabonyeza Num Lock, anasoma maandishi ya kwenye skrini neno kwa neno, anauliza Idd ilikuwaje, anapima betri, halafu anakwambia ni betri ya elfu mbili, unamwambia haya chukua elfu tatu. Sasa huyo fundi kesho atatafuta, au atabadilisha?

Mimi naamini kabisa kutafuta ndo kazi yenyewe. Kubadilisha betri hata mtoto anaweza. Na mteja ana haki ya kuuliza swali moja tu kabla ya kukubali kwamba mashine yake imekufa: umepima nini? Akisema nimebadilisha kibodi tatu, hajapima, amejaribu. Akisema nimechomeka ya duara, Num Lock haijibu, volti 5 ipo, betri mpya nimeweka, BIOS nimeirudisha mwanzo, huyo kapima, mlipe hata kama jibu lake ni kwamba kweli imekufa.

Kuna mtu ataniambia, ndugu yangu, Core 2 Duo na Windows 7 si itupwe tu? Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Nimeliwaza sana hilo, na sina jibu jepesi. Mashine isiyopata apdeti kuipeleka intaneti ni hatari, na flashi za wateja zinaleta virusi kila siku. Tulichofanya kwa shangazi ni kuitoa intaneti kabisa, mambo ya mtandaoni anafanyia kwenye simu, ile inabaki kuchapa na kuprinti. Lakini kuamua kuiacha kwa sababu umezipima faida na hasara, hilo naliheshimu. Kuitupa kwa sababu imekuuliza F1 ukakosa kidole cha kuijibu, hilo siwezi.

## Kwa fundi

Nilisitasita kwenda kumwona. Nilijiuliza nikienda atajisikiaje, atasema nimekuja kumwonyesha kwamba hajui. Nikaahirisha, nikaahirisha tena. Mwisho nikaenda na kibodi nyingine ya duara niliyoipata kwa muuza vyuma chakavu, nikamwambia mdogo wangu, hii zawadi.

Akacheka, akaigeuza geuza. "Kaka, mi nimeanzia kwenye simu, afu laptop. Hili tundu naliona tu nyuma ya sipiyu, sijawahi kuchomeka kitu cha maana."

Nikamweleza habari ya Num Lock, na F1, na betri. Akanyamaza muda. Halafu akasema mteja akisikia bado natafuta tatizo anachukua mashine yake anaondoka, akiona nimeshika kitu kipya mkononi anatulia. Sikuwa na la kumpinga, ndo hilohilo nililoliona kwa shangazi.

Akaingia nyuma akatoa sipiyu tatu zilizoachwa na wenyewe, zote alishaziandikia kwa maka, "MB", yaani mazabodi imekufa. Tukaanza na ya kwanza, kibodi ya duara, washa. Num Lock ikajibu. Skrini inaomba F1, tarehe inasoma miaka ya nyuma kabisa. Betri. Akanitazama, akaifuta ile "MB" kwa kidole na mate.

Ya pili taa za kibodi hazikumweka kabisa. Akachukua mita, akapima tundu, hamna volti 5. Tukafungua, kifyuzi pembeni ya tundu, mita ikathibitisha kimekatika. Hana cha kuweka kwa siku ile, akaandika kwenye karatasi akaibandika juu ya kasha: "fyuzi ya PS/2, USB ipo sawa, apigiwe mwenyewe".

Ya tatu ni mazabodi kweli. Kapasita zake zimevimba vichwa na mbili zimeshavuja, haiwaki hata feni. Hiyo "MB" yake ameiacha, na kwa ile ya kwanza tumekubaliana amwambie mwenye nayo bei mbili kwenye risiti, betri mstari wake na upimaji mstari wake.